Sauti ya Baba Kwenye Gari la Kampeni

Mtaani kwetu, juu kidogo ya Kirumba, magari hayapandi. Nyumba zimekaa juu ya mawe na katikati ya mawe, na njia zenyewe ni ngazi walizochonga watu waliochoka kuteleza. Kwa hiyo mtu akifariki, gari la matangazo hupita chini barabarani na sauti ndiyo inayopanda. Inagonga jiwe hili, inarukia jiwe lile, na inapofika kwetu imeshaangusha maneno mengi njiani. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa ya baba yangu.

Baba hakuwa mtangazaji wa redio. Alikuwa na spika mbili, betri ya gari, maiki iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na rafiki mwenye gari. Alitangaza watoto waliopotea na maji yatakayokatika, lakini kilichomjulisha kwa watu ni misiba. Kila tangazo la msiba alilianza kwa maneno yaleyale, kwa sauti ya chini: "Ndugu zangu wapendwa." Halafu ananyamaza. Hapo mtaa mzima unasimama. Wanawake wanapunguza moto, wanaume wanazima redio, na mimi kwenye banda langu la kushona pale barabarani nanyanyua mguu kwenye cherehani. Hakuna mwanamke aliyesubiri kusikia jina ndipo ajifunge kanga. Walijifunga kwanza, jina likawakuta wameshaanza kushuka ngazi.

Aliyemwingiza kwenye kazi hiyo ni bibi, mama yake mzazi. Bibi alikuja Mwanza kutoka kisiwani, Nansio, akiwa bado mke mgeni, na mtoto wake wa kwanza akafia hapa kabla yeye hajamjua jirani hata mmoja. Waliokwenda kumzika walikuwa wachache mno, hata wa kupokezana chepe hawakutosha. Jambo hilo lilimkaa bibi moyoni maisha yake yote. Baba alipokua na ikaonekana ana sauti, bibi akamwambia akatangaze vifo vya watu, asiwepo tena mtu wa kuzikwa bila majirani kujua.

"Mimi kufa siogopi," alikuwa akiniambia huku nikimchana nywele barazani. "Naogopa kuzikwa kimyakimya kama nimeiba kitu. Siku yangu ikifika, baba yako anitangaze yeye mwenyewe. Watu wajae."

Nyumbani tulikuwa watatu tu: bibi, baba na mimi. Bibi aliniita mke mwenzake na alinionea wivu wa uongo kila nikimpakulia baba chakula kabla yake. Miguu ilikuwa imemgomea, kwa hiyo kutwa alikaa barazani, ziwa likiwa mbele yake na barabara ikiwa chini, akisikiliza matangazo ya mwanawe na kuyakosoa. Baba akirudi, kabla hajavua viatu, anapewa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umemkimbiza malehemu."

"Nimemkimbizaje, mama?"

"Jina lake umelitaja kama konda anaita abiria wa Buzuruga. Mtu ameishi miaka yote hiyo, wewe unamtaja mara moja na kupita!"

Bibi alikuwa Mkerewe, na l na r kwake zilibadilishana viti zilivyotaka. Baba alicheka, lakini kesho yake nilimsikia akipunguza mwendo kwenye majina. Alimsikiliza mama yake kuliko alivyomsikiliza mtu yeyote.

Kisha zikaja kampeni za urais.

Niseme ukweli, mimi kampeni zinanikera. Zinakera masikio yangu, maana banda langu liko barabarani na kila chama kina wimbo wake na kila wimbo una mstari mmoja unaorudiwa mpaka unauota. Lakini sindano yangu haikulalamika. Fulana za kampeni huja kubwa kupita kiasi, kana kwamba wapiga kura wote ni mabondia, na watu walizileta kwangu nizipunguze. Nilibana kwapa, nilibana kiuno, nilikata pindo. Mwanamke mmoja aliniletea fulana mbili za wagombea wawili wanaopingana, akataka zote zimkae sawasawa.

"Sasa wewe uko upande gani?" nikamuuliza.

"Fundi, mimi niko upande wa fulana," akasema. "Upande wa kura nitauonyesha ndani ya kile kiboksi."

Nilijifunza mengi kuhusu wapiga kura kwenye banda lile. Bango kubwa lililosimamishwa njia panda, lenye mgombea anayetabasamu meno yote, kila mtu alilisoma kwa namna yake. Mmoja alisema mtu mwenye tabasamu lile ana huruma. Mwingine akasema mtu anayecheka hivyo wakati mafuta ya taa yamepanda bei hajui shida. Bibi nilimwonyesha picha ya bango hilo kwenye simu, akaitazama sana, akauliza anamchekea nani.

Bibi alizipenda kampeni kama mtoto anavyopenda sikukuu. Alipokea kanga za pande zote na kusema kanga ni kanga. Kofia moja ya kampeni aliivaa kila siku kukinga jua la barazani. Siku ujumbe wa mgombea ulipoingia kwenye kisimu chake kidogo, ule unaotumwa kwa watu wote, nilimsomea: "Mpendwa mpiga kura, nakusalimu." Akanyoosha mgongo.

"Mjibu," akasema.

"Bibi, huu hauna wa kumjibu. Umetumwa na mashine."

"Mtu amenisalimu, nikae kimya? Aseme wazee wa huku hawana adabu? Mwandikie mimi mzima, isipokuwa miguu. Mwambie na yeye apumzike, naona anazunguka sana."

Niliandika hivyohivyo. Haukwenda, lakini nilimwambia umefika. Jioni aliniuliza kama mgombea amejibu, nikasema bado yuko mikutanoni.

Siku moja akaja bandani kwangu mratibu wa kampeni wa chama kimojawapo, mwanaume wa makamo mwenye simu mbili na sauti iliyokauka. Alileta mzigo wa fulana za kupunguza. Akiwa anasubiri, gari la baba likapita likitangaza msiba wa upande wa chini. Mratibu akaona jinsi barabara ilivyonyamaza. Mama muuza samaki wa kukaanga wa pale kwenye ngazi alisimama na kijiko hewani. Wanaume wa kijiweni waliacha bao.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Baba yangu."

"Mimi nina magari matatu yenye muziki mkubwa," akasema, "na hakuna hata mmoja anayegeuza shingo."

Alimfuata baba nyumbani jioni hiyo, akamwita mzee wangu, akamwomba atangaze mikutano ya mgombea wake. Nilidhani baba atakataa. Hakuwa mtu wa vyama. Lakini alimtazama bibi, kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Tangu nianze kazi hii, kila nikifungua mdomo watu wanalia. Watoto wanaponiona njiani wanawakimbilia mama zao kuwauliza nani amekufa. Mama, na mimi nataka siku moja watu wasikie sauti yangu wafurahi."

Aliyasema kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka kucheza, na alikuwa na mvi. Niliumia moyo kwa sababu nilikuwa sijawahi kulifikiria. Bibi akampigapiga goti.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Kawachekeshe."

Siku ya kwanza baba alivaa shati jeupe. Mratibu alikuwa amempa maneno kwenye karatasi, lakini mwanzo wa tangazo aliuweka wake, kwa mazoea tu. Gari likafika pale chini ya ngazi na spika zikafunguka.

"Ndugu zangu wapendwa."

Akanyamaza, kama alivyonyamaza maisha yake yote.

Nilimwona muuza samaki akishika kichwa kwa mikono miwili. Kule juu kwenye mawe nikasikia mwanamke akianza kulia kabisa, analia bila kujua anamlilia nani. Kisha jina la mgombea likapanda mlimani, na baada ya jina yakapanda maneno mawili matatu, "kesho", "saa nane", "tujitokeze kwa wingi". Mengine yalianguka kwenye mawe kama kawaida. Watu wa juu wakaunganisha wenyewe walichosikia: sauti ya msiba, jina la mgombea, kesho saa nane. Kufa asingekuwa amekufa yeye, maana redioni alikuwa bado anahutubia, kwa hiyo mpaka mchana habari ilikuwa imefika soko la Mwaloni kwamba mgombea urais amefiwa.

Kesho yake asubuhi wanawake wa dagaa wa Mwaloni walifika ofisi ya kampeni wakiwa wamejifunga kanga viunoni. Walibeba unga, beseni la dagaa na majani ya chai. Walisalimia kwa sauti ya chini, wakakaa chini sakafuni, na mkubwa wao akasema wamekuja kutoa pole. Mratibu akaeleza kwamba mgombea hajafiwa, kwamba lile lilikuwa tangazo la mkutano. Wanawake wakatazamana. Kisha yule mkubwa wao akasema rambirambi ikishatoka nyumbani harudi nayo mtu, ni mkosi, kwa hiyo wapokee tu na wamfikishie, kwani hakuna mtu asiyekuwa na wa kumlilia.

Dagaa wale walipikwa palepale ofisini na waliliwa na wabandika mabango.

Baba alirudi nyumbani amejikunja kwa aibu. Alipomaliza kusimulia, bibi alicheka mpaka kofia ikamwangukia usoni, akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji, akanywa, akaanza upya. Baba alimtazama, na pole pole na yeye uso ukamfunguka. Nadhani ndiyo furaha aliyokuwa akiitafuta, ila aliipata nyumbani.

"Unga mwingi?" bibi akauliza akifuta macho.

"Mwingi, mama."

"Na dagaa beseni zima?"

"Zima."

Bibi akatulia. "Na mimi wataniletea hivyo?"

"Wewe, mama, kwako watajaa mpaka wakose pa kukaa," baba akasema. "Nitakutangaza mwenyewe."

Kisa kile kiligeuka gumzo. Bandani kwangu mama mmoja alisema kura yake ni ya yule mgombea sasa, kwa sababu mtu uliyekwenda kumpa pole umeshakuwa naye ndugu. Mwenzake akamjibu kwamba yeye dagaa ametoa kwa moyo mmoja, ila kura ni ya mtu wake wa siku zote. Walibishana nikiwapima nguo, kila mmoja akiitikisa futi yangu ya kupimia.

Mratibu hakuwa mjinga. Alimbakiza baba, lakini akamnyoosha. Akamwambia aongee haraka, apandishe sauti, asinyamaze hata nukta moja baada ya "ndugu zangu wapendwa", na mwishoni aseme "oyee" watu waitikie. Akaweka wimbo kabla na baada ya maneno. Gari likabandikwa picha kila upande na kofia zikarushwa dirishani. Watoto wakaanza kulikimbilia. Baba akisema "ndugu zangu wapendwa", wao wanajibu "Oyeee!" kabla hajamaliza, wakinyoosha mikono wapewe kofia.

Alikuwa na furaha. Siwezi kumkatalia hilo. Alirudi jioni amepoteza sauti na macho yanang'aa, akimwambia bibi jinsi watoto walivyomfuata mpaka kona ya mwisho. Wapo waliochukia. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu mwenye bango la mgombea mwingine mlangoni pake, alimwambia sauti yake imenunuliwa, na tangu siku hiyo akawa hamsalimii. Baba aliumia, lakini alisema uchaguzi utakwisha na salamu zitarudi.

Mimi niliona kitu kingine. Ilikuwa mchana, nashona, gari likapita na sauti ya baba ikajaa barabarani, na mguu wangu haukunyanyuka kwenye cherehani. Uliendelea kukanyaga. Nikatazama nje. Muuza samaki alikuwa anageuza samaki wake. Pale kijiweni bao liliendelea. Sauti ile ilikuwa imeshakuwa kama wimbo, inapita na inakwenda zake. Kwa bahati katika wiki hizo hakufa mtu mtaani kwetu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Zikiwa zimebaki siku chache watu wapige kura, bibi alikunywa uji asubuhi, akaniambia sukari haikutosha, akakaa barazani na kofia yake. Niliingia ndani kuosha kikombe. Nilipotoka nilimkuta ameinamisha kichwa kidogo upande wa ziwa, kama mtu anayesikiliza gari linalokuja. Nilimwita. Nilimwita tena. Nikaivua ile kofia taratibu, nikaiweka pembeni, kisha ndipo nikapiga kelele.

Kwenye fundo la kanga yake tulikuta kitambulisho chake cha mpiga kura, amekifunga vizuri kisipotee. Angempa nani kura yake, mpaka leo hatujui.

Baba hakulia. Alisema anakwenda kumtangaza. Mratibu wa kampeni, na nitamsifu kwa hili, aliposikia alisimamisha gari lake kazi, akabandua picha kwa mikono yake mwenyewe, akauzima wimbo. Rafiki wa baba, yule mwenye gari la matangazo ya misiba, alikuwa safarini, kwa hiyo tukachukua lile la kampeni. Baba alikaa mbele na maiki. Mimi nilikaa nyuma yake.

Tulishuka mpaka pale chini ya ngazi.

"Ndugu zangu wapendwa," baba akasema, kwa ile sauti yake ya zamani, ya chini. Akanyamaza.

Barabara haikunyamaza. Muuza samaki alikuwa na mteja na hakuinua uso. Redio ya kijiweni iliendelea. Baba alisubiri. Akaendelea: "Nasikitika kuwatangazia kifo cha mama yangu mzazi."

"Oyeee!" wakaitikia watoto.

Walikuwa wamelikimbilia gari kama kila siku, mikono juu, wanacheka, wanasubiri kofia. Hawakuwa na kosa lolote. Walifanya tulichowafundisha. Baba aliwatazama dirishani, akajaribu tena kusema jina la mama yake, na mtoto mmoja akaitikia tena, peke yake, kwa sauti nyembamba. Baba akashusha maiki mapajani. Nilimwona akitazama mikono yake, na nilijua anachokiona: mama yake anazikwa na watu wachache, wasiotosha kupokezana chepe, na safari hii kwa sababu yake.

"Baba," nikamwambia, "tushuke. Twende kwa miguu."

Alifungua mlango.

Mlango wa kwanza haukuwa mlango, ulikuwa karai la muuza samaki. Baba akasema hodi. Yule mama, ambaye siku zote alikuwa na utani naye, akasema bila kugeuka, "Karibu mheshimiwa! Leo umetuletea kanga au maneno matupu?" Baba alifungua mdomo. Mwanaume aliyetaja majina ya marehemu wa mtaa mzima alisimama pale, kikamtoka kinywani kitu kimoja tu.

"Mama," akasema.

Muuza samaki akageuka. Alimtazama usoni, akanitazama mimi, akaona kanga niliyojifunga. Aliipua karai motoni samaki wakiwa hawajaiva.

"Jamani! Kumbe ilikuwa kweli?" akasema. "Jamani, bibi yetu! Na mimi nimesikia nikasema ni yale yale ya kampeni!" Akamkumbatia baba mikono ikiwa na mafuta, shati lote likaingia madoa, na baba akalia hapo, barabarani, kwa sauti. Kisha yule mama akaelekeza uso wake juu kwenye mawe na akapiga ukunga wa msiba. Wa juu yake akaupokea, na wa juu zaidi akaupokea, na ukapanda mpaka kileleni bila spika yoyote.

Ingetosha, lakini baba hakukubali. Alitaka kila mlango uisikie habari kutoka kwake. Tulipanda ngazi zote. Hodi, karibu, mama ametutoka, poleni sana. Kila nyumba mtu alitoka na kutufuata, na nyuma yetu kukawa na mstari wa watu. Tukafika kwa yule mwalimu mstaafu. Bango la mgombea wake lilikuwa limejaa mlango mzima, baba akakosa hata pa kubisha bila kumgonga mgombea usoni. Akabisha kwenye fremu ya mlango.

"Shikamoo, mwalimu," baba akasema.

Mzee alifungua mlango nusu. "Marahaba. Nililisikia gari," akasema. "Nikasema, sasa wamefika mahali pa kutumia vifo vya watu kuombea kura. Nikafunga dirisha."

"Ni mama, mwalimu."

Mzee alifungua mlango wote. Kisha akainama kutafuta viatu vyake chini ya kiti. Kimoja kilikuwa mbali, nikamsogezea. Alipovivaa alimshika baba mkono, na walishuka pamoja wakishikana kama watoto wa shule, kwa sababu ngazi zile zinateleza na wote wawili hawakuwa vijana.

Tulimzika bibi kesho yake, karibu na mtoto wake wa kwanza. Nilisimama upande wa wanawake na macho yamevimba, nikihesabu watu kwa hofu ileile ya bibi, kisha nikaacha kwa sababu hawakuhesabika. Wanawake wa Mwaloni walikuja na unga na beseni la dagaa, safari hii mahali pake. Wanaume walipokezana chepe mpaka wengine wakalalamika hawajapata zamu.

Halafu nikaona fulana zao. Msimu ule, kwa wengi nguo mpya ilikuwa moja tu, ile ya kampeni, na hakuna anayependa kwenda msibani na nguo iliyochakaa. Walikuwa wamezivaa. Ila wote walizigeuza ndani nje. Hakuna kiongozi aliyetangaza hivyo, wala hawakukubaliana, kila mmoja alifanya hivyo nyumbani kwake. Picha za wagombea zilikuwa ndani zinagusa vifua vya watu, na nje kulikuwa na kitambaa kilichofifia ambacho usingejua ni cha chama gani. Nilichokiona mimi ni mishono yangu. Kwapa hili nililibana mimi. Kiuno hiki ni changu. Pindo lile nilikosea, nikafumua na kurudia. Nilitembeza macho kwenye mishono yote ile iliyomzunguka bibi, na moyo wangu ukajaa mpaka nikashindwa kuimba na wenzangu nyimbo za mazishi.

Ulipofika wakati wa familia kutoa shukrani, mratibu alimsogezea baba maiki. Spika zilikuwa tayari zimefungwa kwenye mti. Baba akaikataa kwa kichwa. Alisimama kwenye udongo ule mpya, akasema kwa sauti yake tupu, iliyokauka kwa kampeni na kilio:

"Ndugu zangu wapendwa."

Akanyamaza. Na watu wote wakanyamaza. Waliokuwa mbali walisogea, waliobeba watoto wakawaziba midomo kwa viganja. Ukimya ule ulikaa muda mrefu kuliko wowote niliowahi kuusikia barabarani. Kisha baba akataja jina la mama yake. Alilitaja lote, la ubatizo, la Kikerewe na la baba yake, taratibu, na kila jina akaliacha likae kabla hajataja lingine.

Jioni, watu wengi wakiwa bado wamekaa kwenye turubai, nilimkuta amejitenga barazani, amekaa kwenye kiti cha bibi. Kofia ilikuwa magotini pake. Nilipiga goti kama ninavyofanya siku zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo hukumkimbiza malehemu."

Alinitazama, mdomo ukamcheza, hakujua acheke au alie. Akaniomba nirudie, nikarudia.